Makaburi ya Kale Chini ya Mlima Hanang, na Namna ya Kuyazuru

Mazungumzo haya yahusu makaburi ya kale na mahali patakatifu, hasa katika nchi ya Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mtu aliyesoma, ukimtaka akutajie makaburi ya kale, kwa kawaida atakutajia mapiramidi ya Misri; na aliyesoma zaidi atakutajia mawe ya Stonehenge kule Uingereza. Lakini ukimwuliza mtu huyo huyo juu ya kaburi lililo mwendo wa nusu saa kutoka shuleni kwake, huenda akasema halijui, au akasema kwamba pale pana kichuguu tu. Basi kitu kisichojulikana hakina mtetezi, na kisicho na mtetezi hulimwa. Kwa hiyo nataka kueleza mambo matatu: makaburi haya ni ya namna gani, yalipatwa na mambo gani, na mtu atakaye kuyazuru imempasa afanyeje.

Kwanza tufahamu kwamba desturi ya kumheshimu marehemu kwa kusimamisha kitu kikubwa juu ya kaburi lake ni desturi ya mataifa mengi. Kule Tiya, kusini ya mji wa Addis Ababa, yapo mawe marefu 36 yaliyosimamishwa juu ya makaburi, na katika hayo 32 yamechongwa alama, mojawapo ikiwa ni alama ya upanga. Mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Watu wa pwani nao wanayajua makaburi ya nguzo yaliyoko Kaole, karibu na Bagamoyo, na yale ya Gedi na Malindi katika Kenya, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kila watu walitumia kile walichokuwa nacho: wa milimani mwamba, wa pwani matumbawe, na wa nchi ya udongo walitumia udongo. Neno hili la mwisho tulishike vizuri, maana tutalirudia.

Tukitafuta makaburi makubwa ya mawe yaliyo ya kale zaidi katika Afrika ya Mashariki, twende kaskazini ya Kenya, kando ya Ziwa Turkana. Mahali paitwapo Lothagam pana uwanja wa mawe wa mviringo, upana wake mita kama 30, na juu yake zimesimamishwa nguzo za mawe. Wataalamu walipochimba chini yake waliona kwamba watu wa zamani walikwangua shimo kubwa katika mchanga, wakaliwekea vibamba vya mawe, wakazika humo wafu wao kwa muda wa karne nyingi, hata lilipojaa wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Kazi hiyo ilianza miaka kama 5,000 iliyopita, yaani kabla haijajengwa piramidi kubwa ya Giza. Katika taarifa waliyoitoa mwaka 2018 wataalamu walikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa pale, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Wengi walizikwa pamoja na mapambo yao, shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Mtu mmoja alizikwa na pambo la meno ya panya wadogo wa nyikani, zaidi ya meno 400.

Sasa wajenzi hao walikuwa nani? Walikuwa wafugaji wa kwanza kufika nchi ile na ng'ombe, kondoo na mbuzi. Zamani zile mvua zilikuwa zikipungua, ziwa likikauka na kurudi nyuma mwaka hata mwaka, na watu walihama hama wakifuata malisho. Katika hali kama hiyo kaburi la wote lilikuwa mahali pa kukutania. Mtu aliweza kutembea na mifugo yake miezi mingi, akijua kwamba yapo mawe pale mahali fulani, na chini ya mawe wako watu wake, naye siku moja ataonana huko na jamaa zake walio hai. Mtu asiye na nyumba ya kudumu ndiye ahitajiye zaidi kaburi la kudumu. Ukilijua neno hili utawafahamu wafugaji wa Hanang pia.

Wafugaji wa kale walizidi kushuka kusini mpaka katika nchi zetu. Katika bonde la Ngorongoro yapo marundo ya mawe ambayo ni makaburi. Mjerumani Hans Reck alichimba baadhi yake kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na mwaka 1941 Louis na Mary Leakey walichimba mengine. Humo walipata mifupa ya watu, shanga, na mabakuli yaliyochongwa kwa mawe. Na karibu zaidi na Katesh, mahali paitwapo Luxmanda katika Wilaya ya Babati, wataalamu wamefukua maskani ya wafugaji walioishi hapo miaka kama 3,000 iliyopita. Mfupa wa mtu mmoja aliyezikwa hapo ulichunguzwa, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba sehemu ya nasaba yake yahusiana na wakulima wa kale wa upande wa Palestina na Shamu, na sehemu nyingine na watu wa Afrika ya Mashariki. Wafugaji wa namna hiyo wataalamu huwahusisha na lugha za Kikushi, ambazo Wairaqw wa Mbulu wanazo mpaka leo. Kwa hiyo mtoto wa Kiiraqw anaposoma habari za wafugaji wa kale, yamkini asoma habari za babu zake.

Sasa tuingie Katesh penyewe. Katesh ni makao makuu ya Wilaya ya Hanang, katika Mkoa wa Manyara, mkoa ulioundwa mwaka 2002. Juu yake umesimama Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, yaani futi zaidi ya 11,200 kutoka usawa wa bahari. Mlima huu umesimama peke yake katika nchi ya tambarare. Nchi ya chini ni kavu. Upande wa kaskazini liko Ziwa Balangida, lenye maji ya chumvi. Lakini mlima hukamata mawingu, msitu wake hunywa umande, na vijito hushuka kwa watu na kwa ng'ombe. Si ajabu basi kwamba Wabarabaig wauhesabu kuwa mlima mtakatifu. Muumba wao humwita Aseta, na neno hilo lahusiana na jua. Mwenye kuishi mahali ambapo uzima wote wa nchi washuka kutoka juu, macho yake huelekea juu.

Wabarabaig ni kabila kubwa katika mataifa ya Wadatoga. Lugha yao ina udugu na lugha za Wanandi na Wakipsigis wa Kenya. Katika nchi hii ya Mbulu na Hanang na pande zake wamekutana watu wa lugha za asili nne: Wadatoga, Wairaqw wa lugha ya Kikushi, Wanyaturu na Wanyisanzu walio Wabantu, na Wahadzabe wa Eyasi, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Ni mahali pachache sana katika Afrika nzima panapokutana lugha hizi zote. Wengine huwaita Wadatoga kwa jina la Mang'ati. Jina hilo walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui; wenyewe hawalipendi. Mgeni mwenye adabu asilitumie. Humwita mtu kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina alilopewa na yule aliyepigana naye.

Na kweli walipigana. Zamani Wadatoga walichunga katika Ngorongoro na Serengeti, mpaka Wamasai wakawatoa huko katika karne ya 19, nao wakarudi kusini hata Hanang. Waliacha malisho na visima. Lakini jambo walilolihuzunikia kupita yote ni makaburi ya wakubwa wao. Mpaka siku zetu hizi Wadatoga huyataja makaburi ya Ngorongoro, na wako wasafirio kwenda kuyazuru, ingawa nchi ile ilitoka mikononi mwao tangu zamani za babu wa babu zao. Hapo twaona kwamba kwa watu hawa kaburi haliwi kuukuu. Nyumba huhamwa, zizi huhamwa, lakini kaburi la mkubwa hubaki kuwa mali ya ukoo wake daima.

Kaburi hilo la heshima Wabarabaig huliita bung'eda. Halitolewi kwa kila mtu. Anapokufa mzee aliyekuwa na sifa njema, mwenye hekima, mwenye kupatanisha watu, mwenye watoto na jamaa wa kumhudumia, wazee wa ukoo hukutana na kushauriana kama yampasa heshima hii. Mara nyingine hata mwanamke aliyeheshimiwa sana hupewa. Wakikubali, kazi yenyewe huchukua muda wa miezi kama tisa. Juu ya kaburi hujengwa tuta la udongo, likazungushiwa miti, nalo huongezwa tabaka juu ya tabaka, kila hatua na ibada yake, mpaka tuta hufika urefu wa mita kama tatu, kupita kimo cha mtu mrefu. Koo mbalimbali hugawiwa kazi zao. Pombe ya asali hutayarishwa, ng'ombe huchinjwa, na siku za mwisho watu wengi hukusanyika kutoka mbali, wakicheza na kuruka, vijana na wasichana wamevaa mapambo yao mazuri. Mgeni asiyejua angedhani ni arusi.

Maana ya sherehe hiyo ni nini? Kwa Wabarabaig, mzee aliyejengewa bung'eda hakutoka katika ukoo wake. Amebadilisha mahali pa kukaa tu. Watu wake huja kaburini kumwomba awaangalie: mvua zikichelewa, ugonjwa ukiingia katika zizi, mwanamke asipopata mtoto, au ndugu wakigombana. Kaburi hilo ni kama baraza ambalo mwenyekiti wake hafi. Zaidi ya hayo, miezi ile tisa yawalazimisha watu wa ukoo, ambao kazi ya kuchunga imewatawanya, wakutane tena na tena, wahesabiane, walipane madeni na wasameheane. Msomaji mwenye dini nyingine si lazima afuate ibada hiyo ili afahamu heshima iliyomo. Sisi sote tunajua maana ya kusimama mbele ya kaburi la baba.

Sasa turudi kwenye neno lile la udongo. Rundo la mawe la Ngorongoro limekaa miaka elfu na zaidi bila mtunzaji. Bung'eda haikai hivyo. Mvua huipiga, mchwa hula miti iliyoizunguka, ng'ombe hupita, na baada ya miaka mingi tuta la mita tatu huwa mwinuko mdogo, kisha huwa kama nchi nyingine. Wenye kaburi hawasumbuki kwa jambo hilo, maana hawahitaji ishara. Mjukuu huonyeshwa na babu yake: hapa, baina ya mti huu na jiwe lile. Basi jiwe lajisimamia lenyewe, bali udongo wasimamiwa na kumbukumbu za watu. Watu wakitolewa mahali pale, kaburi hubaki bila shahidi.

Na ndivyo ilivyotokea. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, yakiendeshwa na Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO. Mashamba yalikuwa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret; jumla yake eka kama 100,000. Nia ya mpango ilikuwa kulisha miji ngano ya nchi yenyewe, badala ya kununua ng'ambo, na ngano kweli ilipatikana. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho mazuri kupita yote ya Wabarabaig. Wao walikuwa na desturi ya kuhamisha ng'ombe kwa majira: wakati fulani uwandani, wakati fulani karibu na mto au ziwa, wakati fulani mlimani, ili kila mahali papate kupumzika. Kwa hiyo aliyekuja katika majira ambayo uwanda umepumzishwa aliona nchi tupu, akaiandika kuwa haina mtu.

Matrekta yakalima. Mtafiti Charles Lane, aliyekaa na Wabarabaig katika miaka hiyo ya 1980, ameandika habari za makaburi yaliyolimwa pamoja na uwanda, na za watu waliozuiwa wasipite mashambani kwenda kuyazuru. Dereva wa trekta alikuwa mgeni, naye aliona mwinuko wa udongo tu. Lau yangalikuwa marundo ya mawe, jembe lingalivunjika, na mtu angaliuliza. Udongo haukumzuia mtu ye yote.

Wabarabaig hawakunyamaza. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kulishitaki shirika, na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Mwaka 1989 Wabarabaig waliwapelekea watu wa Kanada barua ya wazi, wakieleza mashaka yao. Baadaye shirika lile liliacha kilimo hicho, na sehemu ya ardhi ikagawiwa wananchi. Hata hivyo kaburi lililokwisha kulimwa na kupandwa ngano misimu kumi na mitano halirudi kwa kugawiwa ardhi. Ardhi yaweza kurudishwa, mwinuko haurudishwi. Hili ndilo jambo nitakalo kila mwanafunzi alitie moyoni, maana trekta halikwisha na ngano; leo pia barabara hukatwa, visima huchimbwa na viwanja hupimwa.

Basi mtu ambaye si mwenyeji atatambuaje kwamba amefika mahali pa heshima? Dalili zipo. Tazama mwinuko wa mviringo penye tambarare, hasa wenye mabaki ya miti iliyochomekwa kwa duara. Tazama mti mkubwa uliosalimika peke yake, mahali ambapo miti mingine yote imekatwa kuni. Tazama watoto wachungaji: ukiwaona wanazungushia ng'ombe mbali na mahali fulani pasipo na shamba wala zizi, simama uulize. Lakini dalili iliyo bora kuliko zote ni kinywa cha mzee. Macho hudanganya, mzee wa ukoo anajua.

Nami sasa nitaeleza namna ya kuzuru, kwa kuwa siku hizi wageni huja Katesh kupanda mlima, na walimu hutaka kuwapeleka wanafunzi wao wakaone mambo ya kale.

La kwanza ni ruhusa. Usianze kaburini, anzia kijijini. Mwone mwenyekiti wa kijiji, kisha uombe upelekwe kwa mzee wa ukoo wenye kaburi. Mwamkie kwa shikamoo, keti, ngoja aulize habari, ndipo useme haja yako. Akikataa, shukuru uende zako. Kukataa kwake hakuna maana ya kwamba anaficha mali. Huenda ni wakati wa ibada, au ukoo una msiba. Asiyeombwa ruhusa ndiye mwenye haki ya kukasirika. Aliyeombwa akakataa hana kosa.

La pili ni mwenendo. Fuata nyuma ya mwenyeji, ukanyage anapokanyaga. Usipande juu ya tuta wala juu ya rundo la mawe, hata kama picha ingekuwa nzuri zaidi. Usipige picha mpaka umeuliza, na ukiambiwa piga mlima lakini usipige kaburi, tii. Usikate tawi, usichume majani, usiokote shanga wala kipande cha chungu. Mtu huona kipande kimoja hakina thamani, akakitia mfukoni. Lakini mtaalamu husoma habari kwa kuona kitu kimelala wapi na karibu na nini. Kikiisha kuondolewa mahali pake, ni kama herufi iliyong'olewa katika neno: herufi unayo, neno limepotea.

La tatu ni kuchimba. Msichimbe kamwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimbua mambo ya kale bila kibali cha serikali. Mahali pengi katika Tanzania zimeenea hadithi kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu chini ya mawe na makaburi. Kwa hadithi hizo watu wamechimba hata pale Mongomi wa Kolo, katika Wilaya ya Kondoa, penye michoro ya kale ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tufikiri kwa akili: mfugaji wa miaka 3,000 iliyopita angeipata wapi fedha ya Kaizari? Vilivyomo makaburini ni mifupa, shanga na vyungu. Mwenye kuchimba hapati utajiri, naye ameharibu kisichoweza kutengenezwa.

Na Kolo yatufundisha jambo jingine. Pale mawe yana michoro inayotunzwa na serikali, na wageni hulipa kuja kuitazama. Lakini wenyeji wa pande zile nao waendelea kupatumia mahali pale kwa maombi ya mvua na ya uganga. Kwa hiyo mahali pa kale hapakuwa lazima pafe ndipo paheshimiwe. Bung'eda nayo ni mahali panapoishi. Ukiizuru, usijidhani uko katika nyumba ya makumbusho. Jihesabu kuwa umeingia uani mwa mtu, na mwenye nyumba yupo.

La nne ni mlima wenyewe. Anayetaka kuupanda Hanang atafute kwanza kibali na kiongozi mwenyeji, aanze alfajiri, achukue maji ya kutosha, maana njia ya Jorodomi kutoka Katesh ni kali na jua lake halina huruma. Tena akumbuke kwamba tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wa mlima iliporomoka, na tope likashuka na mawe na miti mpaka Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Ziko nyumba ambazo hazikuonekana tena. Kwa hiyo chini ya mlima huu sasa yapo makaburi ya kale na makaburi mapya, na wenye kuyalilia haya mapya wako njiani utakapopita. Mgeni apunguze kelele. Akionyeshwa mahali palipokuwa nyumba ya watu, avue kofia, asitafute pa kusimama ili apigwe picha.

Mwisho nataka kusema na walimu na wanafunzi. Tumekwisha kuona kwamba kaburi la udongo latunzwa na kumbukumbu za watu. Lakini wazee wanaojua hupungua kila mwaka, na vijana wengi wamo mjini. Kazi hii yaifaa shule ya kijijini kuliko mtu ye yote. Waombeni wazee, na kwa ruhusa yao andikeni: jina la ukoo, mahali lilipo kaburi, mti au jiwe lililo karibu, na nani ampasaye kuulizwa. Majina ya marehemu na mambo ya siri msiyaandike kama wazee hawapendi. Kitabu hicho kisipelekwe mbali; nakala moja ikae kwa ukoo, na nyingine katika ofisi ya kijiji.

Kisha ipo sheria ya kuwasaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaipa halmashauri ya kijiji, pamoja na mkutano mkuu wa kijiji, kazi ya kuisimamia ardhi ya kijiji. Kijiji kikiandaa mpango wa matumizi ya ardhi, huandika hapa pa kulima, hapa pa kuchungia, hapa pa maji, hapa pa kujenga. Basi mkutano huo ukifanyika, makaburi na miti mitakatifu yatajwe na kuchorwa katika ramani, na mpaka wake uonyeshwe. Mkutano ukikubali, kijiji kiyawekee sheria yake ndogo. Watu wa Mulbadaw walipokwenda mahakamani walikuwa na kumbukumbu za vinywa vyao, na mbele yao zilikuwapo karatasi za shirika. Leo kijiji chaweza kuwa na karatasi zake chenyewe. Siku mpima ardhi atakapokuja na vyombo vyake, aonyeshwe ramani kabla hajachomeka kigingi cha kwanza.

Wazee wetu husema, mwacha asili ni mtumwa. Asili hiyo si lazima iwe jiwe kubwa la kushangaza wageni. Katika nchi ya Hanang ni mwinuko wa udongo usiozidi goti, katikati ya majani, na kijana mmoja ajuaye ni wa nani. Basi, kijana usomaye, kabla ya likizo kwisha, mwendee babu yako, umwombe akuonyeshe.